Goti Likikunjwa, Picha Inasema Kweli kwa Kiasi Gani?

Shangazi yangu anaishi Konde, kaskazini mwa Pemba. Mwaka jana alipigwa picha ya goti la kulia, akarudi nayo nyumbani ndani ya bahasha kubwa ya khaki. Akaiegemeza dirishani ili mwanga upite, akaitazama kimya kwa muda, kisha akanigeukia. "Mwanangu," akaniambia, "hili goti hapa limesimama. Mimi haliniumi nikisimama. Laniuma nikiinuka kwenye sijda."

Kwa maneno hayo machache shangazi aligusa tatizo ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa karibu miaka 200. Kiungo kimeumbwa ili kiende, na picha hukisimamisha. Hata pale mashine zilipoweza kukipiga picha kikiwa kinakwenda, likazuka swali la pili, na hilo ndilo ninalotaka kulifumua hapa: kompyuta ikikwambia mfupa umesogea milimita 3, ni 3 kweli? Au ni 1? Au haukusogea kabisa na kilichosogea ni kosa la kipimo?

Goti si bawaba

Wengi tunadhani goti ni bawaba: linafunguka, linafungwa, basi. Mwaka 1836 ndugu wawili wa Kijerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walionyesha kwamba mwisho wa fupa la paja haugeuki mahali pamoja juu ya muundi, yaani mfupa wa ugoko, bali hubingirika na kuteleza kwa wakati mmoja. Aliyewahi kuona gari la ng'ombe likihangaika mchangani ataelewa: gurudumu likishika ardhi hubingirika na gari likaenda, likikwama huzunguka palepale. Goti hufanya yote mawili, na kiasi cha kila moja hubadilika kadiri linavyokunjwa. Tena upande wa ndani na upande wa nje havifanani. Ndani, fupa la paja hukaa karibu palepale. Nje, hurudi nyuma, na goti likikunjwa sana hurudi kiasi cha sentimita moja na nusu hadi mbili. Mguu ukinyooshwa, katika digrii za mwisho muundi hujizungusha kidogo kuelekea nje na goti likajikaza kama skrubu. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama muda mrefu bila misuli ya paja kuchoka upesi.

Kwa hiyo mtaalamu anayetaka kueleza goti lilivyokaa hatoshelezwi na namba moja. Anahitaji sita. Tatu ni za kugeuka: kukunja na kunyoosha, kuzunguka ndani na nje, na kulalia upande huu au ule. Tatu ni za kuteleza: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Ile ya kukunja ni kubwa sana. Mtu akitembea goti hukunja takriban digrii 60, na akikaa tahiyatu hupita 140. Nyengine zote tano ni ndogo zaidi, na mtu akitembea huwa digrii chache na milimita chache, na ndizo zinazobeba siri ya kano iliyokatika au gegedu linalolika. Hapo pana ugumu wote. Kosa la digrii 4 kwenye kukunja si kitu. Kosa hilohilo kwenye kulalia upande linaweza kuwa kubwa kuliko mwendo wenyewe unaoutafuta.

Alama juu ya kanzu

Njia inayotumika zaidi katika maabara za mwendo haina mionzi wala sindano. Vitufe vinavyong'aa hubandikwa kwenye ngozi ya paja na ugoko, mtu akatembea, kamera kadhaa zikavifuata vitufe hivyo. Ni njia nzuri kwa mambo mengi. Lakini fikiri: ukitaka kujua mkono wa mtu umekaaje ndani ya kanzu, utatia alama juu ya kitambaa? Ngozi na nyama ni kanzu ya mfupa. Kwenye paja, kitufe kinaweza kuhama zaidi ya sentimita 1 kutoka pale mfupa ulipo, na mara nyengine kufikia 3. Unatafuta milimita kwa alama inayohama kwa sentimita.

Wapo watu waliokubali kuivua kanzu hiyo. Mwaka 1948, California, watafiti walichomeka pini za chuma ndani ya mifupa ya watu waliojitolea, kisha wakawapima wakitembea. Mwaka 1992 Mario Lafortune na wenzake walifanya kazi ya namna hiyo kwa watu watano, na vipimo vilivyotoka kwenye miguu yao vinarejelewa hadi leo. Ninawastahi watu hao kwa dhati. Kutembea ukiwa na chuma kimepigiliwa kwenye fupa la paja, kwa ajili ya wagonjwa usiowajua, si jambo la kupitiwa haraka haraka katika mstari mmoja wa ripoti. Ila ni wazi kwamba hospitali haiwezi kumwambia kila mgonjwa akubali kupigiliwa. Ndipo picha zinapoingia.

Jahazi linaloonekana Forodhani

Mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwezi Novemba 1895, hupenya nyama kwa urahisi na kuzuiwa zaidi na mfupa. Kinachobaki kwenye picha ni kivuli. Hilo lazima likumbukwe kila hatua, maana kivuli hakina kina. Ukinyoosha mkono mbele ya kandili, kivuli chake ukutani kinakuonyesha umbo, lakini hakikwambii kidole kipi kiko karibu na ukuta na kipi kiko mbali.

Ipo mashine inayotoa eksirei mfululizo, picha baada ya picha, mpaka mfupa ukaonekana unakwenda kama kwenye video. Madaktari huiita fluroskopi. Mwaka 1996 Scott Banks na Andrew Hodge wa Marekani walichapisha namna ya kutumia video hiyo kupima goti la bandia. Unalo umbo kamili la kiungo ndani ya kompyuta. Kompyuta inaligeuza na kulisogeza umbo hilo, kila mara inakadiria kivuli chake kingekuwaje, mpaka kivuli cha kukadiria kilaliane na kivuli cha kweli. Pale vinapolaliana, tunasema mfupa ulikuwa umekaa hivyo. Kwa goti la asili umbo hupatikana kwanza kwa picha za CT, yaani eksirei nyingi za kuzunguka mwili zinazounganishwa na kompyuta, au za MRI, zinazopigwa kwa sumaku.

Sasa nenda Forodhani, pwani ya mji wa Unguja, jioni, utazame jahazi lililo mbali upande wa machweo. Likisogea kushoto au kulia utajua mara moja. Likikujia au likikuacha, utachelewa kutambua, kwa sababu kinachobadilika ni ukubwa wake tu, tena kidogo kidogo. Mashine moja ya eksirei ina udhaifu huohuo. Kwenye bapa la picha inaweza kukosea kwa milimita moja au pungufu, lakini kwa kile kinachokwenda kuelekea mashine au kuikimbia, kosa hufika milimita kadhaa. Ripoti ikikwambia "usahihi wa mashine hii ni milimita 1" bila kutaja upande gani, haijakwambia kitu.

Kuna na hili. Mtumbwi uliochongoka pande zote mbili, ukiwa mbali na jua liko nyuma yake, huwezi kusema omo ni ipi na tezi ni ipi. Kipande cha muundi wa bandia chenye umbo sawa kulia na kushoto hufanya vivyo hivyo: mikao miwili tofauti inaweza kutoa vivuli vinavyokaribiana sana, na kompyuta ikachagua ule usio wa kweli bila kusita. Mfupa wa asili nao una taabu yake, kwani kingo zake hazikukatwa wazi kama za chuma, na sehemu zake nyingi ni za mviringo, kwa hiyo kuzunguka kwake ndani na nje hubadilisha kivuli kidogo mno.

Dawa ni kumweka mwenzio Mbweni, kusini ya mji, na simu mkononi. Jahazi likija au likienda, wewe wa Forodhani huoni vyema, yeye anauona mwendo huo kwa ubavu. Mashine mbili za eksirei zinazopiga kwa pamoja kutoka pembe mbili huondoa sehemu kubwa ya udhaifu wa mashine moja, na makosa yakashuka, katika maabara nyingi zilizopima kwa uangalifu, hadi chini ya milimita 1 na karibu na digrii 1. Göran Selvik wa Lund, Sweden, alikwenda mbali zaidi katika kazi yake ya mwaka 1974. Yeye alipandikiza ndani ya mfupa vitufe vidogo sana vya madini ya tantalamu, vya kipenyo cha kati ya nusu milimita na milimita 1, kisha akapiga eksirei mbili. Kitufe hakina utata wa umbo. Kwa njia yake kosa linaweza kushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya milimita.

Pishi iliyobonyea

Neno "usahihi" lina mambo mawili ndani yake, na wachumaji karafuu wanayajua kwa mikono yao. Pishi iliyobonyea kitako hukosea upande uleule kwa kiasi kilekile. Ukipimia mara 100 itakukosea mara 100. Pishi nzima, lakini inayojazwa mara mfuto na mara kwa kilele, hukosea huku na huku, na ukipima mara nyingi ukachukua wastani, makosa hukaribia kufutana. Kosa la kwanza nitaliita upogo, la pili mtawanyiko.

Naomba msomaji ashike tofauti hii kwa nguvu, kwani ripoti nyingi huiruka. Watafiti hupima goti mara kumi, wakapata jibu linalokaribiana mara zote kumi, wakatangaza kwamba njia yao ni sahihi. Walichothibitisha ni kwamba mtawanyiko ni mdogo. Pishi iliyobonyea nayo hutoa jibu lilelile mara kumi.

Upande wa pili wa hadaa ni wastani. "Wastani wa kosa ni milimita 0.1" ni habari ya kufurahisha mpaka uone kwamba makosa yenyewe yalikuwa 5 kulia na 5 kushoto. Jahazi linaloyumba hivyo, kwa wastani limekwenda sawa, lakini ukilitia kwenye mlango mwembamba wa mwamba wastani hautaliokoa. Mwaka 1986 Martin Bland na Douglas Altman wa Uingereza walieleza katika jarida la Lancet namna ya kulinganisha njia mbili za kupima kwa uwazi: toa kipimo kimoja kutoka kingine kwa kila mtu, kisha onyesha si wastani wa tofauti tu, bali mipaka ambayo tofauti nyingi, kama 95 katika kila 100, zinaangukia ndani yake. Mipaka hiyo ndiyo inayomhusu mgonjwa mmoja aliyekaa mbele ya daktari.

Na nani anampima mpimaji? Upogo hauonekani bila kipimo kingine kilicho bora zaidi. Kwa hiyo vitufe vya tantalamu hutiwa kwenye goti la maiti lililotolewa kwa ajili ya elimu, goti likakunjwa mbele ya mashine, likapimwa mara mbili: kwa vitufe, na kwa njia mpya ya kulinganisha vivuli. Tofauti ya majibu hayo ndiyo inayohesabiwa kuwa kosa la njia mpya. Hapa pana mtego ambao watafiti makini huuepuka. Vitufe vyeusi vikibaki kwenye picha, kompyuta au mtu anayelinganisha anaweza kuvitegemea, na njia mpya ikaonekana bora kuliko ilivyo. Lazima vifutwe kwanza kwenye picha. Nikisoma kwamba vimefutwa, naamini zaidi yote yanayofuata.

Hata hivyo goti la maiti lililotulia si goti la mtu anayetembea. Mguu ukirushwa mbele wakati wa kutembea, goti huweza kwenda kwa zaidi ya digrii 300 kwa sekunde. Mashine inayopiga picha 30 kwa sekunde itakuta goti limegeuka digrii 10 kati ya picha na picha. Kila picha ikichukua sehemu moja ya mia ya sekunde, mfupa umeshageuka digrii 3 wakati wa kupigwa, na kingo zake zimekuwa na ukungu. Kosa lililopimwa kwenye goti lililosimama halimhusu anayepanda ngazi.

MRI haina mionzi na huonyesha gegedu na kano ambazo eksirei haizioni, na kwa hilo naipenda. Lakini ni ya polepole, na tundu lake lina upana wa kama sentimita 60 hadi 70. Kwa kawaida mtu hupigwa akiwa amelala, akakunja kidogo, akatulia, akakunja tena. Ni picha nyingi za goti lililosimama, zilizopangwa zikafanana na mwendo.

Namba moja, mistari miwili

Tuseme mashine haikukosea hata kidogo. Bado namba zinaweza kutofautiana, na jambo hili liliponielea kwa mara ya kwanza lilinisumbua sana.

Ili useme goti limekunja digrii ngapi lazima uchore mstari wa katikati ambao linakunjia. Mfupa haukuzaliwa na mstari. Mtaalamu mmoja anauchora kupitia nundu mbili za pembeni mwa fupa la paja, mwengine anaupitisha kwenye vitovu vya miviringo yake miwili. Mwaka 1983 Edward Grood na William Suntay walipendekeza utaratibu wa pamoja wa kuchora mistari hiyo na mpangilio wa kuhesabu, na wengi wameufuata. Lakini mahali pa kuweka nukta bado ni jicho la mtu.

Chukua mtu aliyeuchora mstari wake umepinda digrii 5 tu. Goti likikunja digrii 60, sehemu ya kukunja huvuja na kuingia kwenye namba ya kulalia upande, na itamwambia goti limelala zaidi ya digrii 4 ambazo hazipo. Likikunja 90, uvujaji unafika 5 zote. Mfupa haukufanya lolote. Kuna magoti yaliyoitwa mapotovu kwa sababu ya mstari. Ukiona mchoro ambamo goti hulalia upande zaidi na zaidi kwa kufuata kukunja kwake, mtilie shaka mchoraji kabla ya kumtilia shaka mgonjwa.

Kwa nini milimita moja inafaa kupiganiwa? Gegedu la goti lina unene wa milimita chache tu. Anayetaka kujua mifupa inakaribiana wapi, kwa kipimo kinachokosea milimita 2, anakisia. Na kwenye goti la bandia ni zaidi ya hivyo. Watafiti wa Sweden waligundua katika miaka ya 1990, kwa njia ya Selvik, kwamba kipande cha muundi kinachoendelea kuhama zaidi ya milimita 0.2 katika mwaka wa pili kina hatari kubwa ya kulegea baadaye. Milimita 0.2! Kwa kuwa kipimo kinaona kitu kidogo hivyo, aina mpya ya goti la bandia inaweza kujaribiwa kwa makumi ya wagonjwa kwa miaka miwili, badala ya kuiweka kwa maelfu na kusubiri miaka kumi walalamike. Usahihi hapa umewaepusha watu na kisu cha pili.

Lakini namba zote hizi nzuri zilipimwa wapi, kwa mwendo gani? Mara nyingi kwa kutembea, kupanda ngazi, kuinuka kwenye kiti. Magoti ya Unguja na Pemba yana kazi nyengine. Anayesali sala tano za faradhi anatimiza rakaa 17 kwa siku, maana yake sijda 34, na baina ya kila sijda mbili anakaa goti likiwa limekunjwa karibu na mwisho wake. Ongeza kukaa mkekani, choo cha kuchuchumaa, kupanda mkarafuu. Katika mkunjo ule paja na ugoko hukutana, nyama hubanana, na vivuli vya mifupa hupandana kwenye picha. Wajapani, ambao nao hupiga magoti sakafuni, wamepima mkunjo wa namna hii kwa fluroskopi, na kazi zao zinatufaa kuliko nyingi za Ulaya. Mimi nisingekubali kuambiwa kwamba njia fulani inakosea milimita 1 kwa mtu aliyekaa tahiyatu ikiwa ilijaribiwa kwa mtu aliyekaa kitini.

Shangazi hakupimwa kwa lolote kati ya haya. Alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, aliyemlaza kitandani na kumpima kwa kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili: 115. Baada ya wiki sita, 118. Shangazi akauliza, "Limezidi, mwanangu?" Yule kijana akamjibu kwamba bado hajui, maana chombo chake na mkono wake vinaweza kukosea kwa digrii 5, na akamwomba arudi. Nilimpenda kwa jibu lile. Mwezi wa nne alimpima mwenyewe tena, kitanda kilekile, mkao uleule, akitafuta kwa kidole nundu ileile ya pembeni mwa goti kabla ya kuweka chombo: 131. Safari hii akasema limezidi. Shangazi alikuwa na kipimo chake, na alinionyesha siku hiyohiyo barazani, juu ya mkeka: zamani alikuwa akiinuka kwenye sijda kwa mikono miwili chini, sasa anaweka mmoja.